Umebeba au Mtupu?

Ijumaa ile Bibi alitaka samaki. Ndivyo ilivyoanza, hakuna kingine. Samaki wa kukaanga na chipsi kutoka duka la Waitaliano kule chini karibu na mfereji, siki nyingi, chumvi kidogo kwa sababu ya presha yake. Akanipa kikapu chake cha kitambaa, nikavaa koti.

"Upite barabara kubwa," akaniambia. "Giza linaingia."

Naam, barabara kubwa. Barabara kubwa ina duka la kamari, na mbele ya duka la kamari kuna Deek Lafferty na wenzake, wamesimama hapo kama wamepandwa. Deek nimesoma naye. Yeye aliacha shule akaenda kuezeka mapaa. Mimi nikaenda Glasgow nikarudi na digrii ya historia, daraja la kwanza, joho, picha ukutani, mbwembwe zote. Sasa Deek ana gari. Mimi nina picha ukutani.

Kwenda nilipita hapo. Deek akavua kofia yake, akainama mpaka kiunoni.

"Mpisheni Profesa, jamani. Ana shughuli."

Wakacheka. Mmoja akadakia kwamba supamaketi wanatafuta mtu wa kukusanya vitoroli vya maegesho, ila bahati mbaya wanataka mwenye uzoefu. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka nao. Halafu mama yake Deek, aliyekuwa anapita na mbwa wake, akamwambia mwanawe aniache, mimi mtoto wa watu, hali niliyo nayo inanitosha.

Matusi ya Deek nimeyazoea. Huruma ya mama yake nilishuka nayo hadi dukani.

Kurudi sikuweza kupita pale. Nikashika Njia ya Mawe.

Hapo kijijini Drumshiel kila mtu anaijua Njia ya Mawe. Sasa ni kijia cha majani tu kinachopanda kutoka mfereji hadi yalikokuwa machimbo, lakini zamani, kabla ya treni za moshi, ilikuwa reli ya kuteremshia makaa ya mawe. Niliandika tasnifu juu yake, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Mabehewa yaliyojaa yalishuka yenyewe kwa uzito wao, mtu mmoja ameshika breki ya mti, na farasi amepakiwa nyuma kabisa kwenye kigari chake, anatafuna nyasi kama bwana mkubwa. Chini wanamwaga makaa mashuani, halafu farasi anavuta mabehewa matupu kurudi juu. Reli ilikuwa moja tu. Mkikutana katikati, mwenye mzigo hampishi mtu. Mtupu ndiye anayerudi kinyumenyume mpaka kwenye mapishano, pale reli ilipochepuka kidogo, anasimama pembeni, mwenye mzigo apite.

Vyuma vya reli viliuzwa zamani sana. Yamebaki mawe ya mraba yaliyovibeba, kila moja na matundu yake mawili, yamelala majanini yanakutazama.

Na imebaki desturi. Mtoto wa Drumshiel anafundishwa hili kabla hajafundishwa kuvuka barabara: ukiwa Njia ya Mawe jioni, ukaulizwa umebeba au mtupu, sema mtupu. Rudi kinyumenyume, usigeuze mgongo, simama kwenye mapishano mpaka harufu ya farasi iishe. Hata kama una mifuko mikono yote miwili, sema mtupu. Mwenye mimba anasema mtupu. Mchungaji wetu, ambaye kila Jumapili anatuambia hakuna mizimu, naye husema mtupu.

Bibi anasimulia kwamba kulikuwa na mwendeshaji mmoja kijana aliyechoka kurudishwa nyuma. Kila jioni anapanda na matupu, kila jioni wenye mizigo wanamzomea arudi. Siku moja akakataa. Akapaza sauti kwamba na yeye amebeba, wampishe. Mabehewa yaliyokuwa yakishuka yalikuwa yamebeba kweli, na breki haikuyaweza. Walipomfukua chini ya makaa ya wenzake hawakuweza kumwinua. Wanaume wa machimbo, watu wenye mabega kama milango, na hawakuweza kumwinua. Wakamzika palepale, kando ya mapishano, na tangu hapo ndiye anayeuliza.

Nilimtafuta kwenye nyaraka zote, sikumpata. Kwa hiyo nikaandika kwamba hakuwepo. Habari yake nikaipa ukurasa mmoja, nikaiita masimulizi ya wafanyakazi kuhusu nidhamu kazini. Msimamizi wangu aliipenda sana hiyo.

Basi, napanda. Kikapu kina samaki wawili na chipsi, joto lake linanipiga gotini. Mwanga umebaki kidogo nyuma ya miti. Namtukana Deek kimoyomoyo, kisha mama yake, kisha yule dada wa ofisi ya ajira anayeniuliza kila wiki nina uzoefu gani.

Kwanza ilikuja harufu.

Mti ulioungua. Nikadhani mtu anachoma taka. Halafu chini ya ile harufu ikaja nyingine, nzito, yenye uvuguvugu… jasho la farasi.

Nikasimama.

Mawe yalikuwa yanatetemeka. Niliyasikia kwa nyayo, kupitia viatu. Kisha sauti, chuma juu ya chuma, kinaguna, kinaguna polepole, kitu kizito kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia kikitembea. Na hapo hapana chuma. Hapana reli hapo.

Yakatokea kwenye kona. Mabehewa, meusi, madogo kuliko nilivyoyachora, yanashuka yenyewe bila kitu cha kuyavuta. Mtu ameketi kwenye breki, ameinama kama anayeumwa tumbo. Na nyuma yake, juu ya kila kitu, kichwa cha farasi aliyesimama kigarini. Ananiangalia.

Breki ikalia. Moshi wa mti ukanijaa puani.

"Umebeba… au mtupu?"

Ilikuwa sauti ya chini. Ya adabu, hata.

Neno nililijua. Nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Lilikuwa tayari ulimini. Lakini mjue nilikuwa nimetoka wapi. Mtupu. Ndilo nililoambiwa barabara kubwa kwa kicheko, na mama wa watu akalirudia kwa huruma. Ndilo ninaloandikiwa kila barua inayoanza kwa kunishukuru kwa kuomba. Nikawaza, hata wafu? Hata wafu watoke makaburini waje kuniuliza hilo?

"Nimebeba," nikasema.

Hata farasi aliacha kupumua.

"Unapanda," akasema taratibu. "Unapanda… na umebeba?"

"Nimebeba. Nipishe."

Akavua kofia.

Hakuvua kama Deek. Aliivua polepole, kama mtu anayeingia kanisani, akaishikilia kifuani. Na papo hapo ule mguno wa chuma ukakatika. Mabehewa yakaanza kurudi nyuma kupanda mlima, yanagongana kwa kelele nyepesi, kama makopo. Farasi akafumba macho. Yakaingia kwenye mapishano, yakatulia, na yule mtu akasimama kando akiwa ameinyoosha ile migongo yake… nilivyoona mimi, kama ana mgongo zaidi ya mmoja na yote inanyooka kwa zamu.

Nikapita. Nitasema na hili, maana nimeshaamua kusema. Nilipita nimeinua kidevu. Tangu nivuliwe lile joho hakuna mtu aliyewahi kunipisha, na nilipita pale kama malkia, na samaki wangu.

Nilipomfikia aliniambia neno moja tu, kwa mnong'ono.

"Asante, dada."

Nikatembea hatua kadhaa kabla ya kujiuliza asante ya nini.

Kikapu kilianza kunilemea nilipofika kwenye ukuta wa shamba. Mpini ukanikata vidole. Nikabadilisha mkono. Nikabadilisha tena. Samaki wawili na chipsi, jamani. Kufika getini kwetu nilikuwa nimepinda kama wale wanawake wa kwenye michoro ya zamani, waliobeba makaa kwa mkanda wa kichwani, ambao niliwahi kuwaonyesha darasani huku nikinywa kahawa. Na uzito haukuwa kikapuni. Kikapu kilikuwa ni kile tu kinachoonekana.

Bibi alikuwa ameshafungua mlango. Anaitwa Netta, mama yake baba yangu, aliyenilea, mwembamba kama ufagio. Alinusa hewa mara moja.

"Umepita Njia ya Mawe."

"Nimepita, Bibi."

"Umekutana naye."

"Nimekutana naye."

Alisimama katikati ya mlango, hanipishi. "Na ulimjibuje?"

Juu ya bega lake niliiona picha yangu ukutani, joho na tabasamu. Kila asubuhi anaifuta kwa kitambaa. Watu wa kanisani wakija anawaonyesha. Nilijua nikisema ukweli ataniuliza kwa nini, na sababu yenyewe sikuwa na namna ya kuitoa mdomoni. Nimjibu kwamba Deek Lafferty alinicheka?

"Nilimwambia mtupu."

Akatazama mkono wangu. Vidole vilikuwa vimegeuka zambarau.

"Kweli, Lorna?"

"Kweli, Bibi."

"Haya. Lete basi nikusaidie."

Akanyoosha mkono. Ningeweza kuurudisha wangu nyuma. Ningekiachia kikapu kikaanguka nje, kwenye matope, kikamalizikia huko huko. Nilijua. Nilikuwa najua na nikampa.

Mabega yangu yakapanda yenyewe. Nilihisi nyayo zinataka kuiacha ardhi.

Bibi aligeuka, akapiga hatua moja, na ubao wa sakafu ukapasuka chini ya ndara yake.

Tulikula. Alimaliza samaki wake wote. Alisema mtamu, ila siki ingeongezwa kidogo.

Kiti chake kilivunjika wiki hiyo hiyo. Kisha miguu ya kitanda ikaanza kuzama mbaoni, na fundi akaja kuweka nguzo chini ya sakafu huku akituuliza tunafuga nini humu ndani. Nesi alileta mizani, akasema mbovu. Akaleta nyingine, mbovu vilevile. Watu wa gari la wagonjwa walipojaribu kumwinua walianza kwa utani, kwamba mama mbona unakula mawe. Baadaye wakaacha utani. Wakaondoka hawaangaliani. Daktari alisema jambo fulani kuhusu mifupa. Na yeye yuko vilevile, mwembamba, ukimshika mkono unaweza kuuzungusha kwa vidole viwili. Kila asubuhi kwenye mto wake wa kulalia kuna vumbi jeusi, laini. Foronya naifua mwenyewe, siipeleki kwa mtu.

Njia ya Mawe sasa ni salama, kama mnataka kujua. Hakuna anayeulizwa tena. Watoto wanapanda na baiskeli jioni. Deek huipita na kreti yake ya bia. Mchungaji amesema hata madhabahuni, kwa furaha, kwamba ujinga umekwisha Drumshiel.

Nilikwenda mara nyingi. Nilisimama kwenye mapishano nikasema mtupu, nikasema mtupu, nikalia nalo. Hakuna harufu. Majani yameanza kufunika matundu ya mawe. Amekwenda zake yule, na farasi wake.

Siku moja Bibi alinisimulia jambo ambalo sikumwuliza. Alisimulia huku anatazama dirishani, kama habari za shangazi fulani wa zamani. Alisema mzigo wa aina ile mtu akikupokea kwa mapenzi hawezi kuutua popote, wala kumpa mwingine. Unamrudia mwenyewe tu, na kwa njia moja: mwenyewe akiri kwa mdomo wake, mbele ya aliyempokea, kwamba amebeba yeye. Hata baba yake mzazi hawezi kumsemea.

Hakusema anamzungumzia nani. Akaniomba nimrekebishie mto.

Basi sasa jioni zetu ziko hivi. Nampelekea chai. Nasimama mlangoni, kwa sababu mbao za karibu na kitanda haziaminiki tena. Mwanga unakuwa umebaki kidogo nyuma ya miti. Ananitazama, hana hasira, sijawahi kuona hasira machoni pake, na kama angekuwa nayo ningepona. Ananiuliza kwa sauti ya chini. Ya adabu, hata.

"Lorna, mwanangu. Umebeba… au mtupu?"

Jibu ninalo. Liko ulimini. Chini yetu nguzo za fundi zinaguna, chuma juu ya chuma, ingawa fundi aliweka za mti.

"Mtupu, Bibi," nasema.

Anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea.

"Haya, mama. Nitakuuliza tena kesho."

Na kitanda kinashuka kidogo.