Wapagazi Arobaini wa Mabawa

Hosea alikwisha kumeza mafunda mawili ndipo akaona Bi Fakhria anavyomtazama. Chai yake ilikuwa mkono wa kushoto, inapoa. Alichokunywa ni maji ya kusuuzia brashi, rangi ya kaki.

"Tamu?" aliuliza Bi Fakhria.

"Tangawizi imezidi kidogo. Shikamoo."

"Marahaba."

Baharia mzima, aliyekunywa kila uchafu wa bandarini kuanzia Santos hadi Hamburg, kaja kuumbuliwa na kikombe chumbani kwake mtaa wa Mabawa, Tanga. Ila mwenye nyumba hakuja kucheka. Alikuwa akiitazama meza: vita vya Tanga vya mwaka 1914, askari wa bati wafupi kuliko kidole gumba. Hosea aliwapaka rangi mmoja mmoja, miezi minane, ili yeye na rafiki yake Nawaf wawapiganishe kwa dadu. Nyuma ya jeshi walipangwa wapagazi arobaini, peku, mizigo kichwani.

"Majirani wanasema unafuga watu," alisema Bi Fakhria. "Ijumaa nikute vinyago vimetoka. Ama utoke navyo."

Kesho yake mchana Hosea alirudi kutoka dukani, akakuta kikombe cha brashi kikavu. Alijicheka. Kumbe nimeshakunywa tena, sasa naona nimeyazoea. Akakijaza, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa barazani na ufunguo mfukoni.

Saa nane akafungua. Kikavu.

Akachukua lenzi. Askari walikuwa vilevile. Wapagazi wote arobaini walikuwa na midomo ya kaki.

Midomo alikuwa hajaipaka.

Nawaf, kwenye simu, alinong'ona kama vile vinyago vinamsikia. "Vitie baharini, ndugu yangu. Leo hii."

"Babu yake baba alibebeshwa mzigo wa vita hivi, hakurudi. Hata kaburi hana. Leo nimtupe mimi?"

Ijumaa Bi Fakhria aliingia akitoka kuswali. Katikati ya meza kulikuwa na kikombe cheupe, maji safi, yamejaa pomoni.

"Shikamoo, Bi Fakhria. Hatoki hata mmoja. Ukinifukuza, unatufukuza watu arobaini na mmoja."

Bi Fakhria alikitazama kikombe.

Maji yalikuwa yanashuka.

Hakuna aliyekigusa. Yalishuka polepole. Nusu. Robo. Kitako cha kikombe kikaonekana, cheupe. Mezani, kutoka kwa wapagazi hadi kikombeni, palikuwa na njia ya nyayo mbichi, ndogo kama ufuta. Hosea akainama na lenzi. Kila unyayo una vidole vitano.

Na wapagazi wenyewe wamesimama palepale, miguu imegandishwa kwa gundi kwenye vibao.

"Sasa?" aliuliza Hosea. Alijiweka kati ya meza na mlango.

Bi Fakhria alikaza shungi lake. Akawatazama wale peku, safu kwa safu.

"Kikombe kimoja, watu arobaini," alisema. "Lete ndoo."