Maji Mamoja

"Shimo lako ukilichimba hapo, harufu yake itakaa mkekani kula na sisi," Mwajuma alikuwa anasema, mkono mmoja kiunoni, mwingine bado na mwiko.

"Na moshi wa jiko lako unaoshinda chumbani kwangu, je, nao niupikie?" alijibu jirani yake Tusekile, amesimama ukingoni mwa shimo ambalo mumewe alikwisha kulianza. "Serikali imesema kila nyumba choo. Haikusema kila nyumba ikapige hodi kwa Mwajuma kwanza."

Ulikuwa ule mwaka kipindupindu kilipoingia nchini, na redio haikuwa na habari nyingine. Watu wa Tunduma, waliozoea kupeana mikono mpaka mabega yanatikisika, sasa walisalimiana kwa kila mtu kugusa kifua chake. Madereva wa malori walisimamishwa Nanyala waonyeshe kadi za chanjo. Vilabu vya pombe vilifungwa, na msibani watu walizika wakatawanyika bila kutia tonge mdomoni. Hata kibanda cha Mwajuma, ambako Wazambia waliagiza wali kwa Kibemba na kuletewa bila mkalimani, kilikuwa kimewekewa ubao mlangoni. Mwanamke aliyezoea kulisha barabara nzima akiachwa bila kazi, lazima apate mtu wa kugombana naye.

Binti yake Zaitun alikuwa anaanika vyombo, masikio yote mpakani mwa nyumba hizo mbili. Ndipo akamwona kijana wa kaki, mrefu, viatu vimejaa vumbi, anakuja na futi kamba begani. Alikuwa Othmani, bwana afya mpya aliyeletwa kutoka Tabora, na ndiye aliyeupigilia misumari ule ubao.

Kina mama wakamgeukia pamoja. Othmani alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi. Akasema hapo walipochimba maji yanateremkia kisimani, hapafai. Kule juu penye mkaratusi panafaa, na kwa kuwa nafasi ni ndogo, wachimbe choo kimoja kikubwa chenye milango miwili.

"Kimoja, mimi na huyu?" walisema wote wawili kwa sauti moja, na kwa siku ile hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Zaitun akacheka, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Amechelewa. Bwana afya alikuwa amekwisha kugeuka.

Basi choo kile kikakaguliwa kuliko choo chochote mkoa mzima. Kilikaguliwa kikiwa shimo, kikakaguliwa kikiezekwa, na kilipokwisha kabisa Othmani akaja kuangalia kama bado kipo.

"Hivi wewe unapenda vyoo hivi?" Zaitun alimuuliza, anapepeta mchele bila kuinua uso.

"Napenda ujirani wake."

"Mama hajakusamehe kibanda chake."

"Najua. Nikipita ananisalimia kwa jina la ubao."

Tusekile aliyaona yote, na alichokiona Tusekile asubuhi, stesheni ya reli walikijua kabla ya jua la utosi. Mwajuma naye alisikia, akaguna, akasema mwenye kufunga jiko la mkwewe atakula wapi. Lakini hakukataa.

Kisha ugonjwa ukalipuka kule Ivuna, wanakochemsha chumvi, na Othmani akapelekwa. Zikapita wiki za ukimya. Siku moja karani wa posta, Danford, akatoka mlangoni akapaza sauti kwamba Zaitun wa Mwajuma ana simu kutoka Vwawa. Alipofika, foleni nzima ilimpisha, kisha ikamsogelea.

"Zai, unanisikia?"

"Tunduma yote inakusikia."

"Basi nayo isikie. Nimefuata dawa tu huku, narudi tena Ivuna. Mwambie mama Ijumaa naja kujitambulisha."

"Usije na futi kamba," alisema Zaitun, na foleni ikacheka kwa niaba yake.

Ijumaa ile nyumba ilifurika. Mjomba Seleman alisafiri toka Sumbawanga, shangazi wakajipanga ukumbini na kanga zao mpya. Mwajuma alipika pilau mpaka mtaa wa pili ukameza mate. Tusekile hakualikwa, ila alipata shughuli ya kufagia palepale mpakani tangu saa za adhuhuri. Othmani alikuja na suruali ya bugaluu na shati jeupe, macho yameingia ndani kwa uchovu.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mkwe akija mara ya kwanza, hunawa kwenye bakuli kwanza yeye, kisha mjomba, kisha wazee wote, maji yaleyale, ndipo wanakaa sinia moja. Maji mamoja, watu wamoja. Anayekataa maji na chakula, amemkataa binti, na hakuna maneno ya kuongeza.

Zaitun mwenyewe ndiye aliyeleta bakuli. Akapiga magoti. Othmani akanyoosha mikono, akaangalia maji, akamwangalia mjomba anayesubiri kwa furaha. Akairudisha mikono mapajani.

"Mnisamehe," alisema. "Leo siwezi kula hapa."

Akainuka, akatoka. Bakuli likabaki limejaa.

Siku zilizofuata Zaitun hakutaka kusikia jina lake. Mjomba alisema aliona tangu mwanzo kwamba kijana ana dharau. Mwajuma hakugombana na mtu, na kwa Mwajuma huo ulikuwa ugonjwa. Pilau iligawiwa mitaani kama ya msiba.

Aliyevuka mpaka alikuwa Tusekile. Hakupita mlangoni, alipita palepale penye ugomvi, na kapu lake la mkaa kichwani.

"Mwanangu, mimi mdomo wangu unajulikana, lakini leo unisikilize. Nimepeleka mkaa zahanati. Yule bwana amejifungia chumba cha uani peke yake. Chakula anawekewa kizingitini. Muuguzi anasema katoka Ivuna siku ileile ya pilau, na mwenzake aliyekuwa analala naye hema moja ameshikwa na kipindupindu."

Zaitun alifika zahanati amevaa kanga ya jikoni, ndala mguu huu rangi yake, mguu ule rangi yake. Akasimama nje ya ua wa matete.

"Unaumwa?"

"Siumwi," ilijibu sauti ya Othmani kutoka dirishani. "Nangoja nijue. Usisogee."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Zai? Niseme natoka kwa wagonjwa, ukumbi mzima ukimbie? Au nimwambie mama, mbele ya wifi zake, bakuli lake lina hatari? Nilidhani nitakaa mlangoni, niseme nimeshiba. Kisha ukaja wewe na maji."

"Kwa hiyo ukaona bora ukose mke."

"Niliona bora nikose mke yuko hai."

Zaitun akasema kwa upole kwamba mwanamume mjinga kiasi hicho hapaswi kuachwa peke yake, na kwamba kesho angeleta uji.

Akaleta uji, na kesho yake, na kesho yake tena, mpaka muuguzi akasema bwana afya ni mzima.

Othmani alikwenda kwa Mwajuma mchana kweupe, na kaki yake ya kazi. Alisimama nje. Ndani palikuwa na mzozo.

"Mdomo wa hili birika lako umeziba," Mwajuma alikuwa anasema.

"Nimekuazima bure na bado unalikosoa," alijibu Tusekile, ambaye safari hii alikaa mkekani kama mwenye nyumba. "Lipulize."

Mwajuma akatoka na birika la maji yaliyochemshwa, mvuke bado unapanda. Nyuma yake mjomba Seleman na wazee, wamekunja mikono ya kanzu. Akammiminia Othmani, maji yakateleza mikononi yakaanguka mchangani. Akammiminia mjomba, kisha mmoja mmoja, na wa mwisho Tusekile.

"Birika moja," alisema. "Maji bado ni mamoja. Au bwana afya ana amri nyingine?"

"Sina, mama."

Zaitun alikuwa mlangoni na sahani, moja kwa kila mtu. Mwajuma alimtazama binti yake, akamtazama kijana, akasogea kando ya kizingiti.

"Basi ingia, mwanangu, ule. Pilau ile ya kwanza bado unanidai."