Ulimi wa Bay na Maji ya Mfereji

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla hata ya kahawa, Bay alishuka mferejini nyuma ya nyumba. Alichota maji kwa kiganja, akasukutua, akainua shingo kama kuku anayekunywa. Kisha akatoa hukumu kama yanafaa kumwagilia shamba.

"Matamu!" Au siku nyingine: "Chumvi!"

Majirani walimwamini. Wengine walimletea maji yao kwenye vikombe. Baba yake alionja hivyo, na babu yake vilevile. Huko Cho Lach, bondeni ambako mto unakaribia bahari, kila mkulima ana ulimi wa kujivunia, lakini wa Bay ulikuwa na sifa kuliko mwenyewe.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Midoriani yake, ile miti ya matunda makubwa yenye miiba, ilikuwa imeshika matunda madogo, kama ngumi ya mtoto, lakini majani yameanza kulegea. Miti ikifa, atapanda mingine na kusubiri miaka saba. Na ada ya shule haisubiri.

"Leo jioni maji yakijaa, fungua mlango wa mfereji," alimwambia mkewe, Nhan. "Nimeyaonja. Matamu."

"Baba, mwalimu Dieu anasema tupime chumvi kwanza kwa kipimo," alisema binti yao, Tham.

"Kipimo? Mimi nimezaliwa nacho mdomoni."

"Na wewe jioni unakwenda wapi?" Nhan aliuliza.

"Shuleni. Darasa la Tham lina mchezo wa kuigiza, nimeombwa nipige gita. Wewe baki na midoriani."

Nhan aliendelea kukoka moto. Bay akadhani kimya ni ndiyo. Miaka kumi na mitano ya ndoa, na bado hajajifunza!

Jioni uwanja wa shule ulijaa. Mwalimu Dieu alikuwa amewaambia wanafunzi watunge mchezo kuhusu hali ya hewa inavyobadilika, badala ya kukariri kitabuni. Bay alikuwa amefanya mazoezi ya nyimbo tu. Maneno ya mchezo alifichwa, na punde akajua kwa nini.

Kijana mmoja alitokea jukwaani na ulimi wa kitambaa chekundu unaoning'inia mpaka tumboni. Watu wakacheka. Bay alicheka kuliko wote. Kisha yule kijana akachota maji, akasukutua, akainua shingo kama kuku.

"Bay!" mtu alipiga kelele nyuma. "Mbona hukutuambia una pacha?"

Bay akainamia gita lake kana kwamba nyuzi zimelegea.

Mwalimu Dieu alipanda jukwaani na vikombe vitatu. "Sasa namwomba Mzee Ulimi mwenyewe. Kaka Bay, njoo utuonjee."

Angekataaje mbele ya kijiji kizima? Akaonja cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Yote matamu," alisema kwa sauti ya hakimu.

Mwalimu akatumbukiza kipimo kidogo kama kalamu. Vikombe viwili vilikuwa salama. Kwa cha tatu kipimo kilisoma karibu gramu moja ya chumvi kwa lita.

"Mdoriani hauvumilii kiasi hiki," alisema. "Na maji haya nimeyachota leo mferejini kwenu."

"Mbona sikuihisi?"

"Ni kidogo mno kwa ulimi wa mtu."

"Yaani mti unaonja kunishinda mimi?"

"Mti hauonji, kaka Bay. Wewe umesukutua ukatema. Mti unakunywa mchana kutwa, na hautemi."

Bay alikitazama kile kikombe cha tatu.

"Babu yangu hakuwahi kukosea," Bay alisema polepole.

"Mto wa babu yako ulikuwa mwingine. Sasa dunia inapata joto, bahari inapanda, mvua zinachelewa. Mto ukikosa nguvu, bahari inausukuma nyuma. Maji yakijaa, chumvi inafika mahali ambapo zamani haikufika."

Maji yakijaa! Bay aligeuka kutazama mto kando ya uwanja. Ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Alichomoa simu, akampigia mkewe.

Simu ikalia safu ya tatu.

Nhan alikuwa amekaa pale, na gauni lake la sherehe, akitafuna mbegu za tikiti.

"Wewe! Uko hapa?" Bay alipayuka.

"Ulitaka niwe wapi?"

"Mlango wa mfereji je?"

"Umefungwa. Ulidhani nitakosa kumwona mwanangu akiimba kwa sababu ya mfereji?"

Bay alirudisha simu mfukoni. Akaketi palepale jukwaani, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

"Mke wangu, ukaidi wako huo..." alisema.

"Malizia, baba Tham. Kipaza sauti kiko karibu."

"...umeokoa shamba."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Bay alishika gita. Tham, amevaa majani ya mdoriani, aliimba ombi la mti wenye kiu unaoogopa kunywa. Aliposhuka kwenye noti ndefu ya mwisho, makofi yalivuma hadi ng'ambo ya mto. Bay alikosea nyuzi mbili. Macho yake yalikuwa na ukungu.

Kesho yake mwalimu alifika shambani.

"Usifungue kabla ya kupima," alisema. "Pima hasa maji yanapokupwa, chumvi inaporudi baharini. Yakiwa chini ya nusu gramu, fungua upesi, jaza, funga. Funika mizizi kwa magugu maji makavu ili udongo usikauke. Na punguza matunda."

"Nikate matunda yangu mwenyewe?"

"Mti wenye kiu haulei watoto wote."

Bay alikata huku akinung'unika kila tunda. Walichimba bwawa, wakalitandika plastiki. Siku kadhaa kipimo kilikataa, na majani yakazidi kulegea. Kisha asubuhi moja Tham alipiga kelele: "Baba, chumvi imeshuka!" Wote watatu walikimbilia mlango wa mfereji, wakajaza bwawa, wakafunga. Maji hayo, yakigawiwa kidogo kidogo, yaliivusha midoriani yote.

Matunda yalikuwa machache kuliko mwaka jana, lakini yaliiva yakiwa manene na mazito. Ada ililipwa.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, watu wengine walikimbilia ndani. Bay alikuwa uani, amelowa chapachapa, akifunua mitungi mmoja baada ya mwingine ili ikinge maji ya mvua.