Fuko Chini ya Sakafu

Haya yalimpata fundi cherehani, rafiki wa dada yangu, mtu asiyependa kutia chumvi. Shemeji yake alimwachia simu amchezee zamu moja ya mchezo wa kadi, yeye akikimbilia dawa za mama yake, mkwe wa fundi, aliyekuwa hoi chumba cha pili.

"Shemeji, kwenye kadi zangu usimguse Fuko," alimwonya kabla ya kutoka. " Akishazama harudi. Huchimba chini kwa chini, akaibukia kwa mwenye uhai mdogo kuliko wote."

"Ataning'ata?"

"Wewe na mwili huo? Atakukimbia!"

Shemeji akacheka, akatoka. Lakini fundi alipopangusa uzi ulioangukia kioo, kidole kikamgusa Fuko. Mnyama akazama, ikabaki sauti ya mkwaruzo tu. Mara umeme ukakatika, na chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Simu nayo ikazimika.

Mkwaruzo haukukoma. Ulipita chini ya cherehani, chini ya nyayo zake, polepole, ukielekea chumba cha pili.

Alipapasa ukuta hadi mlango wa chumba hicho. Umeme ukarudi. Mama mkwe alikuwa macho, amekunja miguu.

"Mkwe wangu, mwambie aache kukwaruza godoro."

Fundi akainama. Saruji haikuwa na ufa. Juu yake, chini ya kitanda, palikuwa na kilima kidogo cha udongo mbichi, nao ulikuwa bado unatikisika.