Majina ya Wapagazi wa Mabula

Mwaka 1953, siku za kuvuna pamba, Mbuke alikaa uani akimsomea baba yake kitabu cha kisomo cha watu wazima. Alikuwa mjane, mama wa Scolastika, aliyerudi kwao, kijiji cha jirani na Kolandoto. Ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma.

"Watu mashuhuri wa pwani," alisoma polepole. "Masultani, wamisionari, na wafanyabiashara wa pembe za ndovu."

Mzee Jilala akacheka. "Na hizo pembe zilijipeleka zenyewe Bagamoyo? Baba yangu Mabula alikuwa kirangozi, ndiye aliyetangulia mbele ya msafara. Bagamoyo nzima ilimjua. Safari yake ya mwisho nilimfuata, kijana mdogo, nimebeba sufuria. Wapagazi kumi na wawili walifia njiani. Wote nawajua kwa majina, na mahali tulipowazika."

Kesho yake Mbuke alimsimulia Cornel, mwalimu wa kisomo. Cornel akaja mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mbuke. "Mama Scolastika, andika leo. Uliza jina la mtu, kwao wapi, na alizikwa wapi. Ukimaliza msomee Mzee, akusahihishe. Watu hawa hawamo kitabuni kwa sababu hakuna aliyewaandika."

"Pamba imepasuka yote, mwalimu. Tukimaliza kuvuna nitaandika."

Siku ya tisa tangu hapo, pamba bado iko shambani, Mzee Jilala alianguka mlangoni. Walimpeleka hospitali ya Kolandoto kwa mkokoteni wa ng'ombe. Daktari akasema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na kauli imekatika.

Mbuke alipiga magoti kando ya kitanda, daftari mkononi. "Baba, wale kumi na wawili. Wa kwanza nani?"

Mzee alifungua mdomo. Ikatoka sauti isiyo neno. Machozi yakamtiririka, maana majina alikuwa nayo.

"Mtajie majina ya watu wa zamani wa huku," Cornel alimshauri. "Likiwa ndilo, akubane kwa mkono ule mzima."

Mbuke alitaja majina tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mzee alibana mara mbili tu. Ng'wandu. Lugata. Siku ya tatu hakubana tena.

Walipotoka kuzika, Mbuke alikaa chini, hakutaka hata maji.

"Niliona kesho ipo," alimwambia Cornel. "Wale watu nimewazika mara ya pili, mwalimu."

Cornel akaketi chini kando yake.

Darasa lilipofunguliwa tena baada ya mavuno, Mbuke aliandika ubaoni: Mabula, kirangozi. Ng'wandu. Lugata. Chini yake akachora mistari kumi mitupu.

"Niifute?" Cornel aliuliza.

"Iache."

Wanafunzi wakainakili mistari ile kama ilivyo. Jioni hiyo Onesmo, mwanafunzi mwenye mvi, hakupitia kilabuni kunywa pombe kama kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akafungua daftari.

"Mama, baba yako aliitwa nani?"

Mama yake alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kusema.