Mugongo Ni wa Mama

Mama yangu Nsimire ana miaka sitini na nane. Pamoja na umri huo, alikuwa bado anabeba gunia la mihogo mugongoni, mukanda umemukaza kwenye paji la uso. Nilimukataza mpaka nikachoka. Yeye alinijibu: « Georgette, nikiacha kubeba mutakula mawe? »

Siku moja mvua ilinyesha hapa kwetu Nyantende. Mama aliteleza kwenye mutelemuko na gunia lake, akaangukia matako. Toka siku ile hakuweza kugeuka kitandani bila kulia.

Basi, wajuzi wakatokea! Huyu majani, yule mafuta. Kaka yangu mukubwa, Zagabe, akaleta mutu wa kukanda. Yule mutu alimubonyeza mama mugongo kwa magoti. Kwa magoti, jamani!

Jirani yetu Bibiane ni muuguzi wa kituo cha afya. Alisikia kelele, akaingia bila kupiga hodi.

« Acheni! » akasema. « Muzee akianguka na mugongo unamuuma hivi, hakandwi. Pengine mufupa umevunjika. Mumupeleke akapigwe picha. Na kama miguu inakufa ganzi, ao mukojo unatoka wenyewe, musingoje hata saa moja. »

Picha ilionyesha mufupa mumoja wa uti wa mugongo umepondeka. Dokta alitoa dawa ya maumivu, akasema tungoje. Wengi wanapona hivyo. Wiki sita zikapita, mama hakupona. Alikula akiwa amelala, na miguu yake ikaanza kukonda. Niliogopa sana kwamba hatatembea tena.

Dokta akatuita juu ya matibabu mengine. Nilimuomba Bibiane atusindikize, atueleze vizuri.

« Hawatamupasua, » Bibiane akatuambia. « Watamuchoma dawa ya ganzi. Halafu watapitisha sindano nene kwenye ngozi mpaka ndani ya mufupa, wakiangalia kwenye televizio ya mashini. Wataingiza simenti ya kiganga. Inakauka, inashikilia mufupa. Hatari iko, lakini kidogo: simenti inaweza kuvuja, ao mikrobe inaweza kuingia. »

« Simenti? » Zagabe akaruka. « Mama iko nyumba ya kujengwa? Operasyo ya mugongo inalemaza watu! Familia ikae kwanza. »

Familia ikakaa. Siku ya Yenga, tulipotoka misa, tonton Patrice, ndugu ya mama, hakuja. Siku ya tatu, katikati ya juma, alikuja, lakini jamaa zetu wa Sange hawakufika. Waliokuja walikunywa chai yangu, wakamaliza maharagwe yangu, wakaahirisha! Na dokta wa kazi ile alikuwa mugeni. Siku ya tano angeondoka, arudi kisha miezi mitatu.

Nikamukimbilia Bibiane. « Maman Bibiane, nifanye nini? Zagabe anakataa kutia saini kwenye karatasi ya hospitali! »

Bibiane akashusha pumzi. « Mugonjwa ni nani? Akili yake iko sawa? Mumemuuliza yeye? »

Haya ilinishika. Tulibishana siku zote zile mulangoni pake, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Tukaingia chumbani. Bibiane akamueleza mama yote, hatari pia. Mama akauliza neno moja tu: « Nitasimama? »

« Wengi wanasimama, maman. Kukuahidi siwezi. »

« Leteni biki na ile karatasi, » mama akasema. « Munanizungumuzia hapo inje kama maiti. »

Mwaka jana alijifunza kusoma na kuandika kwenye parokia. Aliandika akiwa amelala ubavu, polepole: NSIMIRE. Herufi ya R ilipinda, lakini ilisomeka.

Siku ya ine walimufanyia hospitalini. Hata saa moja haikuisha. Jioni alisimama kando ya kitanda, mukono wake mukononi mwangu. Mimi ndiye niliyelia. Kesho yake tukarudi nyumbani. Sasa anakunywa dawa ya kutia mifupa nguvu, anakula samaki wadogo wa sambaza na miiba yao, na mizigo mizito tunabeba sisi.

Kisha wiki mbili Zagabe, aliyekuwa ameondoka kukusanya familia, akafika na wazee wane, wote na makoti.

« Georgette, » akasema kwa sauti nzito, « familia imekaa. Watu wa Sange walifika. Tumekubali mama afanyiwe. »

Mama alikuwa palepale uani, amesimama wima, anaanika nguo kwenye kamba. Hakugeuka.

« Asanteni, » akasema. « Zagabe, nipe ile shuka. »

Zagabe akamupa.