Maua Mgongoni mwa Koplo

Kichapaumbo, mashine ya kuchapa sanamu, kilikohoa, kikaanza kumjenga askari kuanzia kwenye buti. Unga wa kijivu ulishuka tabaka juu ya tabaka, miale ikaugandisha, na kabla chai ya Injinia Nyamizi haijapoa, koplo mwenye urefu wa kiganja alikuwa amesimama kwenye sinia, kila kifungo mahali pake, hata kovu la kidevuni. Mashine ilikuwa imeichukua sura yake kutoka kwenye picha za kambini. Iliweza kila kitu, ila rangi haikuruhusiwa kuigusa.

Hilo watu wa Tabora walikuwa wamelikatalia jeshi katakata. Miili haikuwa ikirudi kutoka kwenye vita vile vya mbali. Kilichorudi ni sanamu, nayo ilikabidhiwa siku ya arobaini. Basi wazazi wakasema, kama maiti haoshwi na roboti, sanamu nayo isipakwe na roboti. Ndiyo maana Nyamizi, mhandisi mstaafu mwenye miwani mizito na kiuno kinachouma, alikuwa bado anakalia stuli ya karakana akichora madoa ya kijani, kahawia na khaki kwenye magwanda yasiyotosha kumvisha panya. Alikuwa amechoka. Amechoka na harufu ya tepentaini, na zaidi amechoka na vijana hawa wasiokwisha.

Koplo yule alikuwa amebakiza kofia tu mlango ulipobishwa.

"Hodi. Shikamoo, dada. Mimi ni mama yake Koplo Shadhili Kapufi."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Pole sana na msiba."

Mama Shadhili hakuketi. Alitoa kipande cha nguo kwenye mkoba, akakitupa mezani kama kitu kinachonuka. Jeshi lilikuwa na desturi ya kuipelekea kila familia kipande cha gwanda la marehemu. Hiki kilikuwa cha njano, kimejaa maua makubwa ya zambarau.

"Hicho ndicho walichoniletea," alisema. "Kitenge! Mtaani wanasema mwanangu alivaa nguo za kike ili atoroke, akapigwa akikimbia. Shemeji zangu hawataki hata kusikia habari ya arobaini. Nimekuja kukuambia usijisumbue kumpaka. Sanamu ya mtoro nitaiweka wapi?"

Nyamizi alikiokota, akakisugua kwa kidole na dole gumba. Nyuzi zile alizijua kuliko nywele zake mwenyewe. Alikuwa amemaliza ujana wake wote maabara akizifuma.

"Mama Shadhili, hiki si kitenge. Hili ni gwanda lenyewe. Vazi-kinyonga."

"Usinifariji kwa uongo, dada."

"Nisikilize. Nguo hii ina macho kifuani. Askari akilala kifudifudi, kifua kinasoma kilichopo chini yake, mgongo unakionyesha. Akilalia mchanga, mgongo unakuwa mchanga. Akilalia majani, unakuwa majani. Ndege-jicho za adui zikipita juu hazimwoni. Nguvu za nguo zikikatika, inabaki na picha ya mwisho."

"Sasa kitenge alikilalia wapi?"

Nyamizi alikigeuza kipande, akaona kitanzi cha kufungia mkoba; kumbe kipande kilikatwa sehemu ya mgongoni. Akakiweka chini ya lenzi. Katikati ya maua mawili palikuwa na doa la hudhurungi.

"Hilo nimelifua kwa sabuni, halitoki," alisema mama.

Halikuwa doa. Ilikuwa picha ya vidole vitano vinene, vimetanuka, vya mtoto mchanga.

"Hakukilalia," Nyamizi alisema polepole. "Alikuwa amebeba mtoto kifuani. Mtoto amefungwa kitenge."

Mama Shadhili akaketi sasa, bila kuangalia kama kiti kipo. Aliupapasa mkono ule mdogo kwa kucha, akalia kwa sauti, akilitaja jina la mwanawe tena na tena.

Nyamizi angeweza kuishia hapo. Mgeni alikuwa amepata zaidi ya alichokijia. Lakini kuna uchovu unaomnyima mtu hata nguvu ya kuficha.

"Kuna jingine," alisema. "Maua haya yalichanua mgongoni mwake akiwa kwenye uwanda mtupu. Mimi ndiye niliyeipanga nguo isome kifua. Tulikaa mezani tukawaza mchanga, majani, mawe. Hakuna aliyewaza kwamba askari atamkumbatia mtu."

"Kwa hiyo nguo yako ndiyo iliyomwonyesha kwa adui."

"Ndiyo."

"Na mtoto?"

"Nguo haijui, mama."

Nyuma yao kichapaumbo kilikohoa tena, kikaanza buti za mwingine. Mama Shadhili alimnyanyua koplo wake kutoka mezani, akamgeuza, akayaona yale madoa ya kijani na khaki.

"Mfute haya."

"Amri ni wote wapakwe madoa ya gwaride."

"Amri ya nani? Nani kati yao atakuja kukaa matangani kwangu?"

Nyamizi alichovya kitambaa kwenye tepentaini, akaufuta mgongo mpaka ukarudi kijivu. Akachanganya njano, kisha zambarau. Maua yalikuja moja baada ya jingine. Ila alipofika kwenye mkono, na brashi nyembamba kuliko zote ikiwa tayari imechovywa, vidole vyake vilianza kutetemeka, na havikutulia hata alipoegemeza kiwiko mezani.

"Siwezi," alisema.

Mama Shadhili alisogeza kiti, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, bila huruma.

"Utaweza," alisema. "Anza na kidole gumba."